Fisi wa Chini ya Reli

Juzi, rafiki yangu, nikiwa ugenini, nilishuka kwenye stesheni ya treni ya chini ya ardhi. Ukuta mzima ulikuwa umechorwa wanyama, na juu ya bomba njiwa alikuwa amejenga kiota. Watu walipita tu. Mimi nilisimama, nikakumbuka kalvati letu la Kitengela, lile tundu la saruji la kupitisha maji ya mvua.

Lilipita chini ya reli, pana, mtoto aliweza kusimama wima ndani. Mwalimu wetu wa kuchora, mpangaji aliyetoka Magharibi mwa Kenya, alitupeleka huko Jumamosi na mabaki ya rangi, tukachora twiga na nyumbu kwenye saruji. Kulinuka rangi na mavi ya popo. Kisha fisi jike akahamia humo na watoto wawili. Mwalimu akatufundisha kuwatazama kwa mbali.

Siku moja mbuzi wa shosho, nyanya yangu, alipotea. Shosho, yule yule aliyetupulizia uji upoe, aliloweka matumbo kwenye dawa ya kupe, akayatupa mdomoni mwa kalvati. Asubuhi fisi alikuwa amekufa, ulimi nje. Watoto wake walikuwa wangali wananyonya, hawakugusa nyama. Wanaume wa mtaa wakaziba pande zote mbili kwa mawe, watoto hao wakiwa ndani.

Mwalimu alikuja kwetu, kofia mkononi.

"Shosho, wale wadogo hawajakosea mtu. Waambie wanaume watoe mawe."

"Mwalimu, wewe uko na mbuzi?"

"Sina."

"Basi rudi kwa nyumba yako."

Hakurudi. Wanaume walimkuta akitoa mawe kwa mikono, wakampiga, na mwisho wa mwezi akahama.

Jioni ya siku waliyompiga tulikula chapati na ndengu, vilio vikitoka chini ya reli, vyembamba kama vya mtoto mchanga. Nikaacha kula. Shosho akanisogezea sahani.

"Kula. Chapati inapoa."

Kesho yake kilio kilikuwa kimoja. Halafu kikanyamaza.

Baadaye mbuzi alirudi, amenona, kamba ya mtu mwingine ikiwa shingoni. Shosho aliifungua, akaifanya ya kuanikia nguo. Pale nyumbani hakuna aliyethubutu kuuliza.

Siku hizi kalvati limefukiwa, na maghorofa yamefika hadi ukingoni mwa reli. Fisi hakuna. Watoto wa ndugu yangu huniuliza analiaje. Namwigiza yule mkubwa, wanacheka. Wale wadogo siwaigizi.