Hakimu na Gauni Lisilo na Mikono

Mtaa mzima ulimwita fundi cherehani huyu Hakimu, naye jina hilo hakulikataa hata siku moja. Siku za kazi alishona, na Jumapili aliwafundisha watu wazima Maandiko. Katika Maandiko yote alipenda zaidi kurasa zenye moto, gharika na ardhi inayomeza watu. Sura za upole alizisoma mbio mbio, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya jirani anayemkwepa. Mteja akichelewa kuchukua suruali yake alitajiwa Sodoma, na binti wa saluni ya pili akiongeza sauti ya redio aliahidiwa nzige.

Lakini nyani haoni kundule. Ukimletea mita nne na gauni likala tatu, ile iliyobaki aliiita haki ya mkasi, wala hakuona haja ya kukusumbua kwa habari zake.

Sasa, mama mkwe wake alimletea kitambaa cha maua makubwa ya njano. Marehemu mumewe ndiye aliyemnunulia, na kilikuwa kimelala sandukuni miaka tisa. Hakimu alikipenda kupita kiasi. Gauni likatoka halina mikono, na mama mkwe akaambiwa, kwa heshima zote na macho chini, kwamba kitambaa kilikuwa kifupi. Bibi wa umri ule haendi ibadani mabega wazi, na magauni yake mengine yalikuwa yamechakaa. Jumapili tatu akabaki nyumbani, akisingizia miguu. Mimi hapo ningemchapa mtu.

Jumatatu mke wa Hakimu alikwenda kumjulia hali mama yake, akaliona gauni, na maua akayatambua papo hapo. Mumewe alikuwa na suruali mpya ya kulalia.

Alirudi moja kwa moja dukani. Hakimu alikuwa amebana pini midomoni, anapinda pindo la sketi.

"Baba watoto, nina kesi."

Hakimu alizitoa pini zote. Hakuna aliyewahi kuhukumu vizuri na pini mdomoni.

"Kuna seremala mmoja," mkewe alisema, "karakana yake imejaa mbao hadi mlangoni. Mjane akampelekea ubao wake mmoja tu, amtengenezee kiti. Akapewa kiti cha miguu mitatu, eti ubao umepungua. Kumbe mguu wa nne bwana kajifanyia kibao cha kuegeshea miguu akinywa chai!"

Hakimu aliruka, cherehani nusura ianguke. Jumapili iliyopita tu alikuwa amefundisha, saa nzima, jinsi nabii Nathani alivyomtega mfalme Daudi kwa kisa cha tajiri na mwanakondoo wa maskini. Alikuwa amemcheka Daudi mpaka machozi kwa kutoshtuka.

"Mjane! Amemwibia mjane! Alipe mara nne, na akakiri mbele ya huyo mama leo leo!"

"Mara nne? Si nyingi jamani?"

"Ndiyo sheria! Ningekuwa mimi, ningelipa!"

"Ni wewe," mkewe alisema. "Kachukue suruali yako ya maua, twende kwa mama."

Kwa mama mkwe Hakimu alikaa kwenye ncha ya kiti, suruali imefungwa kwenye gazeti, akiungama huku anatazama vidole vya miguu yake. Alipomaliza alikumbuka kwamba Ibrahimu aliwahi kupatana na Mungu kuhusu Sodoma, akamshusha kutoka watu hamsini hadi kumi. Akapata moyo.

"Nimekosa, mama. Nitakushonea magauni manne. Ila... yakipatikana matatu, je?"

Mama mkwe alimtazama juu ya miwani.

"Usikasirike, mama, niseme tena. Yakiwa mawili?"

Mama mkwe alifunua kona ya gazeti, akayatazama maua ya njano.

"Nitasema mara hii tu. Likipatikana moja?"

Bibi alivua miwani, akaifuta taratibu kwa pindo la khanga.

"Mwanangu," alisema, "Ibrahimu alikuwa anawaombea wengine."

Hakimu aliona aibu, ile ya kweli. Ndipo alipoinua macho, akaona mabega ya yule mama chini ya khanga, membamba, na akakumbuka zile Jumapili tatu. Alitoa tepu ya kupimia mfukoni, akampa mkewe apime.

"Manne, mama," alisema. "Yenye mikono."