Pembetatu za Mguu wa Mama

Kazini wanamwita Pembetatu, na jina limemkaa. Mdogo wangu huyo yuko kwenye karakana ya miguu ya bandia, na sehemu yake ni gamba la nje, lile linalofunika bomba la chuma ili mguu uonekane mguu. Huupiga picha mguu uliobaki wa mgonjwa pande zote, kisha huugeuza kwenye kompyuta kama kwenye kioo, wa kulia ukawa wa kushoto. Juu ya umbo hilo hutandaza mistari inayokatana ikafanya pembetatu tupu, kuanzia goti hadi kifundo, na kila pembetatu huitoboa ili gamba liwe jepesi na lipitishe hewa. Nilimuuliza kwa nini asichore miraba, kazi iishe. Akanitazama kama nimemtukana. Mraba ukiusukuma unalala, alisema, pembetatu hailali. Kwa watu hana maneno, kwa pembetatu ana hotuba.

Mama alipokatwa mguu alikataa kutoka nje. Kutembea kwa mguu wa bandia alijifunza haraka, ukaidi wake ulimsaidia, lakini aliishia mlangoni.

"Sitoki na bomba la maji mimi," alisema. "Siku miguu yangu ikifanana, nitakwenda sokoni mwenyewe, tena bila kushikwa."

Basi mdogo wangu akaupima mguu uliobaki. Gamba la kwanza lilipokuja, Mama alilivaa, akanyoosha miguu yote miwili kitandani, akacheka mpaka akakohoa.

"Huu wa plastiki unakula wapi? Mbona umenizidi unene?"

Ni kweli, siku alipopimwa mguu ulikuwa umevimba, na sasa uvimbe ulikuwa umekwisha. Nilisema lipunguzwe tu lile lile. Pembetatu akakataa: ukilipunguza lote kwa pamoja, kifundo nacho kinakonda, wakati mfupa haukondi. Akapima upya, akatandaza mistari upya, akaisogeza karibu karibu penye kigimbi.

Gamba la pili lilichelewa, maana mashine ya kuchapa magamba ni moja na wagonjwa ni wengi. Lilipofika, kigimbi cha Mama kilikuwa kimepungua tena. Safari hii hakuna aliyecheka. Daktari alikuwa ameshaniambia ugonjwa ule uliomkatisha mguu umeenea mwilini. Mdogo wangu hakuambiwa na mtu, ila vipimo vyote alikuwa navyo yeye.

"Nikupime tena, Mama?"

"Pima, baba. Lakini fanya haraka. Mimi na mashine yako tunashindana."

Nilimvuta mdogo wangu jikoni nikamkaripia. "Mama anakwisha, wewe unahangaika na gamba! Kaa naye!"

"Nikikaa naye nifanye nini, dada?"

Hakuwa akinijibu kwa jeuri. Aliuliza kweli.

Mama alifariki asubuhi, gamba la tatu likiwa kwenye mashine. Nilimpigia simu mdogo wangu, akasema anakuja, kisha hakuja. Nyumba ilijaa watu, wajomba wakawa wanamuulizia, na mimi nikaapa akifika atanitambua. Aliingia alasiri, amevaa fulana ya ndani tu, shati lake kalifungia kitu alichokishika mkononi.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Nilisubiri mashine imalize."

 Akalifungua shati. Gamba lilikuwa jembamba kama mkono wa mtoto, pembetatu zake ndogo ndogo, na hakuna hata moja iliyopinda. Nikampisha aingie chumbani.

Shangazi alikuwa amemfunika Mama shuka. Mdogo wangu aliifunua upande wa miguuni, akaliweka gamba sambamba na mguu wa Mama, akapitisha kiganja juu ya huu, kisha juu ya lile, taratibu, kama anavyokagua kazi ya mgonjwa yeyote.

"Limemtosha, dada," alisema. "Njoo uone. Miguu imefanana."

Kisha akapiga magoti, akalia kwa sauti.