Mkoba wa Nyuma ya Mlango

Nilipokuwa chuoni, fani ninayofundisha leo haikuwapo. Palikuwa na polisi, jeshi na wazima moto, kila mmoja na mlango wake na kiburi chake. Mimi nilisoma historia, fani isiyomdhuru mtu wala kumwajiri. Kisha majengo yakaanguka Marekani, na vyuo vya kule vikagundua kwamba hofu inaweza kuandikiwa mtaala. Vitabu vya usalama wa nchi vikaanza na magaidi na mipaka. Baadaye yakaingia maradhi, kompyuta, mabomba ya maji na matetemeko, hadi ikawa taabu kupata jambo lisilohusu usalama wa nchi.

Kwetu Maskati, Omani, fani hii ilishika mizizi kwa sababu ya vimbunga. Wakubwa walipokwisha kuona magari yakielea barabarani, waliamua watumishi wa serikali wafundishwe kufikiria mabaya kabla hayajafika. Akatafutwa mwalimu. Mimi nilikuwa na shahada mbili na ratiba yenye mapengo.

Basi nafundisha mtaa wa Al Khuwair, asubuhi mbili kwa wiki. Nachora jedwali ubaoni: upande huu uwezekano wa jambo kutokea, upande ule ukubwa wa madhara yake. Unazidisha, unapata namba. Tangu nianze, kila kitu nyumbani kwangu kina namba yake: mtungi wa gesi, ngazi, binti yangu akiwa kwenye usukani. Mke wangu anasema wasiwasi niliokuwa nao bure sasa nalipwa mshahara kwa ajili yake.

Mama anaishi nasi mtaa wa Ansab. Nyuma ya mlango wa chumba chake hutundikwa mkoba mweusi, tangu kabla sijazaliwa, ingawa mkoba wenyewe umebadilishwa mara nyingi. Ndani mna nakala za pasi zetu sote kwenye mfuko wa plastiki, vidonge vya presha, tochi, kanga moja, biskuti, na raba mpya ambazo hazijakanyaga chini. Nilipomweleza kazi yangu alisikiliza, kisha akauliza hayo yanasomewa miaka mingapi. Nikamwambia miwili, kwa shahada ya uzamili.

"Na mkoba mnapewa?"

Hapo ndipo nilipopata wazo langu baya. Jumatatu moja niliuchukua ule mkoba bila kuuliza, nikaenda nao darasani. Watumishi kumi na tano waliupitisha mkono kwa mkono. Mmoja akauliza ni wa nani. Nikasema ni mfano tu. Walinipigia makofi, nami kwa furaha ya makofi nikaufungia kabatini ofisini na kuusahau.

Jumatano ikatoka tahadhari ya kimbunga. Ofisi zikafungwa. Kufika saa nne asubuhi mbingu ilikuwa imeshuka juu ya mapaa, na gari la waokoaji likapita mtaani kwetu na kipaza sauti: nyumba za karibu na wadi zihamwe kabla ya adhuhuri. Wadi yetu ni bonde kavu ambalo mwaka mzima watoto huchezea mpira. Mvua ikinyesha milimani, huwa mto. Mpango wa familia ulikuwa umebandikwa kwenye friji, kwa mwandiko wangu: kwenda kwa dada yangu, mlimani. Mke wangu na binti yangu walikwisha kuingia garini. Mama alikuwa amerudi chumbani kuchukua mkoba wake.

Nilimkuta amekaa kitandani, anautazama msumari mtupu nyuma ya mlango.

"U wapi mkoba wangu?"

"Upo, mama. Upo pahala salama."

"Salama kwa nani?"

Nikakiri kwamba niliupeleka kazini kuwaonyesha wanafunzi.

"Wakafurahi?"

"Ndiyo."

"Haya. Nyie nendeni. Mimi nnakaa."

Mama alitoka Unguja mwaka wa Mapinduzi, akiwa na miaka tisa. Kisa chake tunakijua sote nyumbani, na husimuliwa kwa maneno machache. Waliambiwa watoke upesi. Lori lilikuwa mwisho wa kichochoro. Bibi alimpandisha mtoto, kisha akakumbuka karatasi za familia, akarudi ndani mara moja tu. Lori likaondoka. Walionana tena baada ya miaka mitatu, huku. Mama alifika na ndara moja.

Nikiwa nimesimama mbele yake, nilisikia kichwa changu kinazidisha namba. Nikamwambia Al Khuwair si mbali: naenda na kurudi kabla ya adhuhuri, yeye angoje. Nilijua barabara ya chini imeshaanza kupita maji. Nilijua pia kwamba mtu havuki wadi inayotembea maji. Swali hilo nilikuwa nimelitunga mwenyewe kwenye mtihani. Nikazitoa funguo mfukoni.

Mama akasimama. Sijawahi kumwona akisimama upesi vile.

"Huendi."

"Dakika chache tu, mama."

"Mkoba ule nimeuweka miaka yote hii ili asirudi mtu. Husikii? Asirudi mtu."

Akanipita, akatoka na ndara zake za chooni, akaingia garini, akafunga mkanda.

Barabara ya chini ilikatika kabla ya saa sita. Baadaye nilikaa nikazihesabu dakika, sikulipenda jibu. Nyumbani maji yalifika jikoni, yakaacha tope. Kwa dada yangu mama alizichukua funguo za gari, akazifunga kwenye pindo la kanga, akakaa nazo siku mbili. Nilipotaka kulisogeza gari tu, alimpa binti yangu akalisogeze.

Mkoba niliurudisha Jumamosi. Alitoa kila kitu juu ya kitanda, akaona biskuti mbili zimeliwa na wanafunzi wangu. Kisha akataka kuuona wa kwangu.

Sikuwa nao. Miaka sita nafundisha, na sikuwa nao.

Niliutengeneza siku hiyohiyo, nikampelekea. Aliukagua kama mtu wa forodha. Akatoa kitabu changu cha kufundishia, kile kinene, akakiweka pembeni. Akaniuliza navaa raba namba ngapi.