Kibanda cha Siku Moja

Wenzake kazini walimwita Chiriku, kwa jinsi maneno yalivyomtoka bila kukwama. Alikuwa mkalimani katika bunge la muungano wa nchi kadhaa. Siku zake zilipita ndani ya kibanda cha kioo juu ya ukumbi, hedifoni masikioni, akigeuza maneno ya wakubwa kabla hayajapoa.

Kila nchi ilipojiunga na muungano ilitaja lugha moja, na hiyo ikawa rasmi. Nchi yake ilitaja lugha ya mji mkuu. Lugha ya mama yake, inayosemwa na mamilioni pande zote mbili za mpaka, haikutajwa na nchi yoyote. Wenyewe walipiga kelele miaka nenda miaka rudi, hadi bunge likakubali kulijadili ombi lao la kuifanya rasmi. Ili wausikie mjadala redioni, wakafunguliwa kibanda chao, kwa siku hiyo tu.

"Utaingia peke yako," mkuu wa wakalimani, mama wa makamo, alimwambia. "Sina mwingine anayeijua."

"Nitaingia hata kwa magoti."

Mama yake alipopata habari aliwaalika majirani nusu ya mtaa waje wamsikilize redioni.

Asubuhi watetezi walizungumza, naye akawatafsiri kwa raha kama anayepiga soga nyumbani. Mchana akasimama waziri wa nchi yake mwenyewe. Chiriku alitarajia mtetezi mwingine.

"Mimi lugha hii naipenda," waziri akasema. "Bibi yangu alinibembeleza kwayo. Lakini ni lugha ya jikoni. Haina mabega ya kubeba sheria."

Mkalimani hasemi "waziri anasema." Msemaji akisema "mimi," naye husema "mimi." Akibabaika, watu watasema waziri kanena kweli, lugha haina maneno. Akitafsiri vizuri, atakuwa amemremba waziri kwa utamu wa lugha ileile anayoizika. Akatupa jicho kwenye kiti cha pili, ambacho siku nyingine hukaliwa na mwenzake wa kumpokea. Kilikuwa kitupu.

Akasema. Akasema vizuri kuliko waziri mwenyewe, na yale ya bibi yakanoga.

Ilipopigwa kura, sharti lilikuwa nchi zote zikubali. Nchi yake ikakataa, ombi likafa.

Mwisho wa wiki alikwenda nyumbani. Mjomba wake alikuwa sebuleni.

"Karibu, mheshimiwa waziri," akasema, wala hakucheka.

Chiriku alimfuata mama yake jikoni, wakaosha vyombo pamoja.

"Mama, yale hayakuwa maneno yangu."

"Najua, mwanangu. Mimi si mtoto mdogo." Akasuuza sahani ambayo ilikwisha takata. "Lakini ulisema vizuri mno. Majirani walianza kuitikia kwa vichwa. Tunatukanwa, nao wanaitikia, kwa sababu ni sauti yako."

"Ningeboronga wangesema lugha yetu haifai."

Mama akamwaga maji.

Jumatatu Chiriku aliomba asipangiwe kazi ile tena.

"Ombi litarudi mwakani," mkuu akasema. "Nikikutoa, kibanda hakifunguliwi, na watu wako hawasikii hata neno."

"Basi nimfundishe mtu mwingine."

"Chuo hakifundishi ukalimani wa lugha isiyo rasmi. Nishauliza."

"Na haiwi rasmi mpaka waziri akubali."

"Ndiyo hivyo. Kwa hiyo nikupange?"

Chiriku alitazama ukumbi mtupu kupitia kioo. "Nipange," akasema.

Mwaka uliofuata aliingia, na uliofuata huo pia. Waziri hakubadilika, ila hotuba zake zilirefuka. Siku ya mjadala mama yake huondoka asubuhi kwenda kushinda kwa dada yake, kusiko na redio, na wakikutana na binti yake Chiriku huongea habari za afya, za mvua, za bei ya sabuni. Za bungeni hawaulizani.