Vigango Kwenye Ramani ya Mchanga Mweusi

Kila mtoto aliyekulia Malindi anaujua mchanga mweusi. Mvua ikipiga bara, Mto Sabaki hushuka na matope mekundu, kisha bahari huyachambua polepole na kuacha ufuoni mistari myeusi inayometa. Tulikuwa tukiupitishia sumaku tuliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, na chembe zikairukia kama vitu vyenye uhai. Nilipomuuliza mwalimu wangu wa madrasa sababu, aliniambia ni kudra. Nikamuuliza kudra gani hiyo inayouchagua mchanga mweusi na kuuacha mweupe. Nilichapwa, na nadhani nilianza kusoma jiolojia siku hiyo.

Katikati ya miaka ya themanini nilirudi nyumbani kwetu Shella, pale pale Malindi, na shahada, nikaajiriwa katika kikosi kidogo cha serikali kilichokuwa kikichora ramani ya mchanga huo. Hatukuhangaika na ufuo. Tuliutaka mchanga wa zamani, wa vilima vyekundu vilivyo nyuma ya pwani, ambako bahari ilifika zamani za kale kisha ikarudi. Swali la taifa lilikuwa kama ndani ya vilima hivyo mna madini mazito ya kutosha kumfanya mtu alete mitambo. Tulitoboa mashimo kwa kekee ndefu ya mkono, tukautoa mchanga kina baada ya kina, tukauosha kwenye karai mpaka ubaki ule mweusi, tukaupima na kuuandika.

Mkuu wetu alikuwa mtu wa bara, shemasi kanisani kwake, mwenye mashati yaliyopigwa pasi hata tukiwa porini. Hakuwa mjinga wala mvivu. Siku yangu ya kwanza alinikalisha chini akaniambia, "Kijana, shimo lisilojulikana lilipo ni umbea tu. Unaweza kulisimulia, lakini huwezi kulirudia."

Nilimkubalia papo hapo, na hilo kwangu lilikuwa nadra.

Basi kanuni ya kikosi ilikuwa kwamba kila shimo lifungwe kwa kitu kisichohama, yaani umbali wake upimwe kutoka kwenye kitu hicho. Picha za angani tulizokuwa nazo zilikuwa za zamani. Minazi iliyoonekana humo ilishaanguka, njia za miguu zilishageuka, nyumba za udongo zilishabomoka na kujengwa kwingine. Katika vilima vile, watu waliotangulia katika kikosi waliuliza ni kitu gani kisichohamishwa kamwe, na Wagiriama wenyewe wakawaonyesha: vigango. Ni mbao ngumu zilizochongwa, zenye kichwa cha duara na nakshi za pembe tatu, ambazo ukoo huzisimamisha nyumbani kwa ajili ya mzee aliyefariki. Kikishasimama, kigango hakiguswi. Hata watu wakihama, kinabaki. Kikosi kikaona kimepata alama bora kuliko jiwe. Kwenye karatasi za mwaka wao, kabla sijaajiriwa, shimo baada ya shimo liliandikwa liko upande gani wa vigango vya nani.

Majibu ya maabara ya mwaka huo yalitiliwa shaka, nikatumwa kuyarudia mashimo yale yale. Nilifika kwenye nyumba ya kwanza na karatasi mkononi. Karatasi ilisema vigango. Mbele yangu palikuwa na matundu mawili ardhini na kitambaa chekundu kilichochanika, cha aina wanayovivika vigango. Nilidhani nimepotea. Nikaenda nyumba ya pili, nako nikakuta matundu.

Nyumba ya tatu vilikuwapo, viwili, kimoja cheusi kwa umri na kingine ambacho mbao yake ilikuwa bado na rangi ya asali. Mwanamke wa makamo alikuwa akipalilia mihogo. Aliniona kabla sijapiga hodi.

"Hodi, mama."

"Hodi ya nani?"

"Ya serikali. Tunapima mchanga."

"Mchanga umejaa mpaka kwenye ugali wangu. Kwa nini mnakuja kupima wa mlangoni mwangu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alitazama karatasi niliyoshika.

"Hiyo umeandika nini?"

"Sijaandika mimi. Ni ya wenzangu wa mwaka jana."

"Nawakumbuka. Walikuwa na adabu, walikunywa maji yangu. Wakaandika, wakaenda zao. Mvua zilipokwisha wakaja wengine kwa gari, mchana, watu wako shambani, wakang'oa vya jirani, wakaenda moja kwa moja wakang'oa vya yule wa pili. Hawakumuuliza mtu njia. Mimi nikienda kwa dada yangu huuliza njia, na nimezaliwa huku."

"Una hakika waliziona karatasi zetu?"

"Sina. Wewe una hakika hawakuziona?"

Karatasi zile zilibandikwa ukutani ofisini kwetu mjini, na yeyote mwenye shati safi aliweza kuingia, akapewa chai, akazitazama. Tulijisifu kwa hilo. Na hakuna aliyekuwa hajui kwamba vigango vilikuwa vikiuzwa Mombasa kwenye maduka ya vinyago, vikivuka bahari kwenda kusimamishwa sebuleni mwa watu ambao hawajui ni vya nani.

Kile cheusi kilikuwa cha baba mkwe wake, na kile kipya cha mumewe. Aliniambia kwamba siku hizi akitoka sokoni Gede, akifika nyumbani, huangalia kule kwenye vigango kabla ya kuangalia watoto.

Nilijiona nina wajibu wa kusema ukweli wangu. "Mama, mimi siamini habari za koma, za roho za wafu. Sidhani kama mzee yumo ndani ya mbao."

"Sikukuuliza unaamini nini," akasema. "Nimekuuliza umeandika nini. Na utaandika nini."

Swali hilo nilirudi nalo ofisini. Ramani ilikuwa inakaribia kukamilika, nayo haikuwa ya ukutani. Ilikuwa ichapishwe na kuuzwa kwa kila kampuni iliyotaka kutafuta madini. Nyumba yake ingekuwamo, pamoja na alama ya vigango vyake, wazi kama kituo cha petroli.

Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, hilo namshukuru. Kisha akavua miwani.

"Kwa hiyo unataka tuchore mashimo yanayoelea hewani."

"Nataka tuyafunge kwa kitu kingine. Iko nguzo ya saruji ya wapima ardhi kule kilimani. Nitapima kutoka pale."

"Kwa petroli gani? Kwa vibarua gani? Mimi hapa natengeneza ramani ya taifa, silindi matambiko. Hata Biblia yangu inaniambia nisivijali."

"Mzee, hata mimi sivijali. Lakini alama zako mbili zimeshatembea. Nenda ukayatafute mashimo yale kama utayaona."

"Bwana profesa," akasema, na jina hilo likanibakia ofisini mpaka nilipoondoka, "chuo kikuu kimekupa mdomo. Kazi hii inataka miguu."

Nikaamua kumpa miguu.

Jumapili vibarua walikuwa kanisani, naye mkuu alikuwa kanisani, na kamba ya kupimia ilikuwa stoo bila mtu wa kuilinda. Nilipanda mpaka kwenye nguzo na dira na kamba na fito mbili nilizozipaka rangi nyeupe. Mtu mmoja hawezi kupima peke yake, lazima mwingine ashike fito mbele. Yule mama alinikuta nikihangaika, nimeifunga kamba kwenye mkorosho, nikikimbia huku na huku.

"Ndiyo masomo yenyewe haya?" akaniuliza. "Unazunguka na kamba kama mtu aliyepotelewa na mbuzi."

"Nisaidie kushika fito basi."

"Nikishika, kigango kitatoka kwenye karatasi?"

"Nikifaulu."

"Na usipofaulu?"

"Utakuwa umetembea bure."

Aliukaza mkanda wa kanga, akachukua fito. Jumapili ile na zilizofuata alitembea mbele yangu kwenye mihogo na vichaka, akisimamisha fito wima kuliko kibarua yeyote niliyewahi kufanya naye kazi, kwa sababu kila ilipoinama nilimrudisha, na hakupenda kurudishwa. Alinidhihaki njia nzima. Aliuliza kama nina mke, na nilipojibu sina, akasema haishangazi, nani anaoa kamba. Lakini pia aliuliza maswali ambayo mimi ningeuliza. Kwa nini mchanga mweusi uwe chini na mwekundu juu. Yakipatikana hayo madini, yeye atakaa wapi.

Ardhi ile haikuwa na hati. Kwenye makabrasha ya serikali yeye alikuwa skwota juu ya udongo alimolala mumewe. Kitu pekee cha nyumba yake kilichowahi kuingia kwenye ramani ya nchi kilikuwa vigango, navyo viliingia ili kuonyesha shimo letu liko wapi. Nilimwambia hivyo, bila kuupamba ukweli. Akasema alijua, alitaka kuona tu kama nitamdanganya.

Nilijiuliza njiani kama nilikuwa nautetea usahihi au namtetea mama huyu. Mpaka leo watu huniuliza hivyo, hasa wenzangu wa kazi, kana kwamba ni lazima nichague kimoja. Silazimiki. Vipimo vya nguzo vilikuwa bora kuliko vya vigango, na vigango havikuwa mali yetu ya kutumia. Yote mawili yalikuwa kweli siku ile ile.

Niliweka hesabu mezani kwa mkuu. Alizipitia kwa penseli, mstari kwa mstari, akitafuta kosa, na alipolikosa alikasirika zaidi.

"Sawa," akasema. "Mashimo tutayafunga kwa nguzo. Lakini alama ya vigango itabaki pia. Mtu akifika uwandani anataka kitu cha kuona kwa macho."

"Ndiyo maana isibaki."

"Weka saini, kijana. Karatasi hii imepimwa na wewe."

"Siweki saini ikiwa na alama ile."

"Ataweka mwingine."

"Aje basi apime mwingine."

Ramani kuu ilichorwa kwa wino mweusi juu ya karatasi ya plastiki inayopitisha nuru. Ukikosea, hakuna ufutio unaosaidia, unakwangua wino kwa wembe, kidogo kidogo, usije ukaitoboa. Karatasi ilikuwa kati yetu mezani. Nilichukua wembe kwenye kikombe cha kalamu nikaanza kukwangua. Hakunishika mkono. Nilikwangua kile kijialama mpaka ukabaki ukungu mweupe, nikakipuliza, kisha nikahamia kwenye zile za nyumba mbili ambazo hazikuwa na vigango tena, nazo nikazitoa.

"Umeharibu mali ya serikali," akasema.

"Ndiyo, mzee. Andika hivyo."

Aliandika hivyo. Barua ilikwenda juu, na muda si mrefu nikahamishiwa kaskazini, kwenye mawe makavu ambako, alivyosema mwenyewe akinipa mkono wa kwaheri, hata mbuzi hawana maswali. Lakini kalamu ilikuwa karibu naye, na ingemchukua dakika moja kuirudisha ile alama. Hakuirudisha. Nilipomuuliza kwa nini, alisema wino umekwisha. Chupa ilikuwa mbele yake, imejaa.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kumwambia yule mama. Alikuwa akimenya mihogo.

"Kimetoka," nikasema.

"Kwenye karatasi zote?"

Ningeweza kusema ndiyo, nikaondoka nikiwa shujaa. "Kwenye ramani itakayochapishwa. Zile za ukutani nimezibandua. Lakini zilikuwa zimeshanakiliwa, na nakala sijui ziko kwa nani."

Alimenya muhogo mmoja mpaka mwisho.

"Basi bado nitaangalia kule kwanza kabla ya watoto."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe? Wewe umepapima kuliko wote. Wewe ndiye karatasi sasa."

"Mimi sitasema."

"Watakuuliza kwa heshima," akasema. "Hao hawaji na ukali."

Ilikuwa kweli. Miaka michache baadaye, nikiwa likizo, nilikaa na jamaa zangu katika baa moja ya Mtwapa, mimi na soda yangu. Bwana mmoja mtanashati akajiunga nasi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha pwani, na aliniamkia kana kwamba namzidi umri. Alikuwa amesikia nilifanya kazi kwenye vilima vile. Akasema yeye anaokoa urithi wa wazee wetu kabla haujaliwa na mchwa.

Nikamwambia mbao ile hailiwi na mchwa.

"Unaona sasa," akasema, "kumbe wewe ni mtaalamu. Sisi tunapoteza wakati kuzunguka. Sikuombi unipeleke, ndugu yangu. Nitajie kijiji tu."

Nikamwambia sikumbuki. Akatabasamu, akasema msomi kama mimi hawezi kusahau mahali alipofanyia kazi. Nikamwambia tena, nikimtazama usoni, kwamba sikumbuki, na kwamba akiniuliza kesho nitakuwa nimesahau zaidi. Jamaa zangu walicheka, wakadhani ni mzaha wa wasomi. Yeye hakucheka. Aliaga kwa adabu, akalipa vinywaji vya meza nzima, akatoka.

Nakumbuka kila fito tuliyoisimamisha.