Chemchemi Tuliyoificha kwenye Ramani

Nina kasoro moja: simwamini mtu anayetabasamu kabla hajasalimiwa. Kwa hiyo siku wageni wa mradi walipoteremka kwenye gari lao katika kijiji chetu, juu kidogo ya Mlola, wakiwa wanatabasamu tangu wanafungua milango, machale yalinicheza. Mwenzangu tunayefundisha naye shule ya msingi alisema nimezidi. "Mwalimu, hawa wamekuja kutusikiliza," aliniambia. Nikamjibu kwamba ndiyo maana naogopa.

Walisema wanaandaa mpango wa kutunza vyanzo vya maji, na kwamba safari hii mpango hautaandikwa ofisini, utatoka kwa wananchi wenyewe. Neno lao lilikuwa "shirikishi". Walilitamka mara nyingi kiasi kwamba bibi mmoja aliniuliza kwa Kishambaa kama ni jina la dereva wao.

Wanawake wakapewa kazi ya kuchora kijiji chini, kwenye uwanja wa shule. Mistari ya majivu ikawa njia, magunzi yakawa nyumba, majani yakawa msitu, na kokoto zikawa maji. Mimi, kwa kuwa nina mwandiko mzuri, niliambiwa nitafsiri na kunakili mchoro ule kwenye karatasi kubwa.

Mama yangu alikuwa mmoja wa wachoraji. Ana shamba bondeni, kando ya chemchemi, analolilima tangu kabla sijazaliwa. Wakati wa kiangazi, huku juu kukiwa kumekauka, yeye na wenzake humwagilia karoti na kabichi huko, kisha huzipeleka sokoni Soni. Mimi nimesomeshwa na karoti hizo. Sare, daftari, nauli ya kwenda chuo, vyote vilitoka kwenye matuta yale.

Basi nikawa namtazama. Aliweka kokoto moja kwenye kijito cha shuleni. Akaweka nyingine kwenye bomba la msikitini. Alipofika kwenye bonde lake, akaifumba kokoto iliyobaki kiganjani, akasimama tu. Mwanamke aliyekuwa pembeni yake akainama, akamwaga majani pale mahali, kana kwamba ni pori. Hawakuwa wamepanga. Nilikuwa nao asubuhi nzima, ningesikia.

Sababu niliijua. Miaka ya nyuma walikuja wengine, wapole vilevile, wakauliza nani analima karibu na maji. Shangazi yangu alikuwa mtu wa kujibu akiulizwa. Akawapeleka mwenyewe, akawaonyesha tuta moja baada ya jingine, na viazi akawachemshia. Baadaye zikaja bikoni za mpaka, na matuta yake yakawa upande asioruhusiwa kukanyaga. Alifariki bado anasubiri maelezo.

"Na hili bonde, mama, kuna nini?" aliuliza kiongozi wa wageni, dada mmoja mwenye sauti ya taratibu. Nikatafsiri. Mama akajibu kwamba huko ni vichaka tu, tena nyoka ni wengi. Nikamgeukia yule dada, nikamwambia kwa macho makavu: "Vichaka, na nyoka." Kisha nikanakili hivyohivyo kwenye karatasi. Nilijiona mjanja sana siku hiyo, sitaficha.

Miezi kadhaa baadaye nikaitwa Lushoto mjini kwenye mkutano mkubwa. Nikavishwa kadi shingoni iliyoandikwa Mwakilishi wa Jamii, nikanywa chai na sambusa mbili. Ukutani ilitundikwa ramani yetu, imechapwa vizuri, ina rangi. Bonde la mama lilikuwa la njano. Nikatafuta maana ya njano kule chini: eneo lisilo na matumizi.

Yule dada akaeleza kwamba chemchemi wameiona kwenye picha za angani, na kwa bahati nzuri haina watumiaji. Itazungushiwa uzio na kupandwa miti, bila kumsumbua mwananchi yeyote. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilitokwa na jasho katika baridi ile ya Lushoto. Mpaka leo nina swali moja: picha iliyoona chemchemi ilishindwaje kuona matuta ya kabichi? Sikuliuliza. Nilinyoosha mkono, nikasema kuna watu wanalima pale.

"Lakini mwalimu, ramani mlichora wenyewe," alisema, akiikunjua ile karatasi kubwa ya mwanzo. "Na mwandiko si ni wako?"

Ulikuwa wangu. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Akaniuliza kwa nini hatukumwambia, na sauti yake haikuwa na hasira. Nikamsimulia habari za shangazi, za viazi na za bikoni. Afisa mmoja wa mbele akaanza kutazama simu yake, na nikajiuliza kama yeye si mmoja wa waliokula vile viazi.

Dada akanipa kalamu. Nilisimama mbele ya ukuta nimeishika. Nisipochora, uzio unakuja. Nikichora, nitakuwa nimefanya alichofanya shangazi, na mbele ya watu wengi zaidi. Nikachora. Chemchemi, mfereji, matuta. Akaniuliza shamba la kwanza ni la nani. Nikasema ni la mama yangu.

Akaahidi kwamba uzio utasubiri, na kwamba watakuja wenyewe kuona kabla ya kuamua lolote. Nadhani alikuwa mkweli. Lakini hata wale wa shangazi niliwadhani hivyo.

Nilimkuta mama barazani anapukuchua maharage. Nikampa shikamoo yake, nikakaa. Hakuniuliza kuhusu chai wala ukumbi.

"Umewaonyesha?"

"Nimewaonyesha, mama. Wangezungushia uzio."

Akapukuchua maganda mawili matatu bila kuniangalia.

"Kwa hiyo sasa wanapajua," alisema. Kisha: "Wanakuja lini?"

"Jumatano."

Jumanne asubuhi, ukungu bado umelala bondeni, tulikuwa tumeinama kwenye matuta tunang'oa karoti. Zilikuwa zimebakiza kama wiki tatu kukomaa, nyembamba, na ncha zake nyeupe. Nikamwambia mama kwamba Soni hakuna mtu atakayezinunua hizi.

"Ng'oa," alisema. "Matuta ya shangazi yako hayakuvunwa."

Tukang'oa zote.