Anayenilimisha

Kwanza nilisikia chekeche. Shaa, shaa, shaa, polepole, ikizunguka kitanda changu, nami nimelala kifudifudi kwenye giza la magharibi nikidhani mvua imegusa bati. Kisha harufu ya majivu ikanifikia. Nilipogeuka nikaona kivuli cha mama mdogo, mdogo wake mama, kimeinama sakafuni. Alikuwa anachekecha majivu, akirudi kinyumenyume hadi kizingitini.

"Lala," alisema. "Kesho tutajua ni nani."

Nilikuwa nimefika Mandawa mchana wa siku ile, nikitokea Nachingwea ninakoishi. Kizunguzungu kilikuwa kimeniangusha kazini, na mama akaamuru kwa simu niende nikapumzike kwa mdogo wake. Sikumwambia kwamba kwa miezi mingi nilikuwa naishi kwa matango na chai isiyo na sukari. Nachingwea watu walinisifu.

"Dada, umekuwa modo!" fundi cherehani aliniambia, akilibana tena gauni langu kiunoni. "Tupe siri basi, usile peke yako."

Nilicheka. Nikilala ubavu, mifupa ya nyonga iliniuma, nami niliyahesabu maumivu hayo kuwa ushindi.

Mandawa hakuna aliyenisifu. Niliposhuka kwenye bodaboda, jirani aliyekuwa anaanika muhogo aliacha kazi, akanitazama kuanzia utosini hadi kisiginoni.

"Huyu mtoto analimishwa," akamwambia mama mdogo, kana kwamba mimi sipo.

Huku kwetu wapo wanaoamini kwamba mchawi humchukua mtu usingizini, akamlimisha shamba lake mpaka alfajiri, kisha akamrudisha kitandani. Mtu huamka hoi, mikono haina nguvu, na mwili wake hupungua siku hadi siku. Chuoni nilikuwa nikiyasimulia mambo hayo ili watu wacheke. Jioni ile sikucheka. Dalili zote nilikuwa nazo.

Asubuhi mama mdogo alisukuma mlango, mwanga ukaingia. Majivu ya karibu na kizingiti yalikuwa laini, hayajaguswa hata na panya. Lakini kando ya kitanda yalikuwa yamevurugwa: nyayo juu ya nyayo, vidole juu ya visigino, zimekanyaga pale pale mpaka saruji ikaonekana. Mbele ya nyayo hizo kulikuwa na alama za viganja viwili vilivyotanuka, kama vya mtu aliyeanguka akakatazwa kulala.

Nilijua ni zangu. Kabla ya adhana niliamka, kama kila siku, nikaruka papo hapo kimyakimya ili niunguze kile kidogo nilichokula. Ila sikukumbuka kuruka muda mrefu kiasi kile. Wala viganja sikuvikumbuka.

Mama mdogo aliushika mguu wangu, akaupachika kwenye alama moja. Ukaenea barabara.

"Mlangoni hakupita mtu," alisema. "Basi mwenye shamba wako hatoki nje. Analala humu na wewe."

"Mamdogo, si uchawi. Napunguza mwili tu."

"Sijakuuliza jina lake. Alikwambia utalima mpaka wapi?"

"Mpaka gauni linitoshe."

"Likatosha?"

"Likatosha."

"Akakuachia?"

Baada ya gauni alikuwa amenionyesha mikono. Baada ya mikono, mapaja. Baada ya mapaja, mashavu. Mbele ya hapo nilitazama na sikuona kilichobaki cha kufyekwa, ila mimi.

"Asiyekuwekea mpaka hataki mazao," mama mdogo alisema. "Anakutaka wewe."

Akaleta ugali wa muhogo na mbaazi za nazi kwenye sahani moja, akaketi mbele yangu, goti lake likigusa langu.

"Kula. Akisema, mwache aseme. We tafuna."

Na kweli alisema. Alisema kwa sauti yangu mwenyewe: tumbo, mapaja, tumbo. Kisha kwa sauti ya fundi cherehani, akicheka. Nikatafuna. Tonge la kwanza lilikuwa zito kama udongo. Lililofuata pia. Kisha, sijui ni tonge lipi, nikasikia ladha ya nazi, nikashtuka kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

Sitasema nilipona siku ile. Baadaye nilimwona daktari kule Ruangwa mjini, na ilinichukua muda kukubali kwamba nilichokiita nidhamu kilikuwa ugonjwa. Hata sasa, nikipita mbele ya kioo changu Nachingwea, kuna siku namsikia akinipangia kazi. Namsikiliza kama unavyosikiliza redio ya jirani, halafu naenda kupika. Miguu hii inanibeba. Sina haja ya kuipenda kila asubuhi ili niilishe.

Lakini siku ile, tulipomaliza kula, mama mdogo aliinuka akaufungua mlango wote. Akasema maneno ya Kimwera, bila hasira, kama anayemuaga mgeni aliyekaa mno. Kisha akasogea pembeni kumpisha. Alisubiri sana, macho yake yakifuata kitu kutoka kitandani, taratibu, hadi kizingitini. Nami, yule yule niliyekuwa nikichekesha watu chuoni, nilikunja miguu nisimzibie njia.

Akapita. Mama mdogo akafunga mlango.